Hukumu ya Dakika Tisini



Tarehe 9 Agosti 2025 Clement Mzize, kijana wa miaka 21, aliifungia Taifa Stars mabao yote mawili dhidi ya Madagaska katika mashindano ya CHAN, nasi tukamwita shujaa. Tarehe 22 Agosti Morocco ikatutoa kwa bao 1-0 katika robo fainali. Vijiweni tukasikia kwamba kijana huyo hafai.

Kukosoa mchezo si dhambi. Lakini kusema "amekosa bao" ni kupima kazi. Kusema "hafai kitu" ni kumhukumu mtu. Hata nabii Samweli, nyumbani kwa Yese, alivutiwa kwanza na umbo la Eliabu, kumbe mteule wa Mungu alikuwa bado malishoni.

Sisi wa Ufipa tumelelewa katika subira. Wazee wetu walifukia majani katika matuta ya mviringo, wakayaacha yaoze, na msimu uliofuata wakayatawanya na kupanda ulezi. Hakuna aliyelilaani tuta kwa kuwa halikutoa ulezi siku lilipofunikwa.

Vijana wetu wanatusikiliza. Katika maneno yetu juu ya Mzize wanasoma hukumu itakayowapata wao wakifeli mtihani au wakirudishwa kutoka seminari. Ndiyo maana wengine huficha maanguko yao hata kwa wazazi.

Wiki hii, kila mzazi amwambie mwanawe: kosa lako tumeliona, lakini wewe hatujakutupa.

Mungu awabariki.