Kusahihisha Pombe

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kusahihisha madaftari na mitihani. Sikutarajia kwamba uzeeni ningekabidhiwa kalamu nisahihishe pombe.

Mpwa wangu anafanya kazi katika maabara ya mgodi mmoja mkoani Geita, pale wanapopima kiasi cha dhahabu kilichomo ndani ya mawe. Desemba moja alipitia njia ya Kahama akaja kunijulia hali nyumbani kwangu Ndala, mjini Shinyanga, akiwa na chupa nne alizozifunga kwa magazeti zisivunjike. Alipewa na mwenzake kazini, Mmarekani aliyetoka likizo.

“Mjomba, hizi ni bia za maboga,” alisema.

Nilidhani ananitania, kumbe sivyo. Huko Marekani, kwa ajili ya msimu wa maboga, viwanda vingi hutengeneza bia iliyotiwa boga pamoja na mdalasini, karafuu, kungumanga na tangawizi. Tena wapo watu waliofunzwa na kufanyiwa mtihani wa kuonja bia na kuzipa alama, chini ya utaratibu ulioanzishwa mwaka 1985. Mpwa wangu alikuwa na nakala ya karatasi yao. Jumla ni alama 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, namna kinywaji kinavyojisikia kinywani 5, na 10 za maoni ya jumla. Niliipenda karatasi ile papo hapo. Mwalimu mstaafu ukimpa karatasi yenye nafasi ya jumla chini yake, hatauliza mtihani ni wa somo gani.

Basi tukaketi barazani tukaonja. Ya kwanza ilinuka pilau. Ya pili ilikuwa na karafuu nyingi mno hata ulimi ukaanza kufa ganzi. Si ajabu, kwani karafuu ndiyo hiyo hiyo tunayoiweka penye jino linalouma. Nikaandika pembeni kwamba mtahiniwa anaficha kitu, maana ulimi uliokufa ganzi hautambui kosa. Ya tatu sitaisema. Ya nne ndiyo iliyokuwa na viungo kwa kiasi, na nyuma ya viungo hivyo nikahisi boga lenyewe, au tuseme kivuli chake. Boga halina ladha ya kupiga kelele. Chachu ikishakula sukari yake, kinachobaki ni wororo fulani kinywani. Nikaipa 33, nikajiona nimekuwa mkarimu.

“Wenzetu wanatia boga ndani ya pombe,” nilimwambia, “na sisi tunatia pombe ndani ya boga.” Alicheka, lakini si mzaha mtupu: kibuyu tunachonywea pombe ya mtama na boga ni mimea ya jamaa moja.

Kisha akanieleza jinsi jambo hili lilivyoanza. Walowezi wa Kiingereza walipofika Amerika hawakuwa na shayiri ya kutosha kutengeneza kimea, na kimea cha kutoka Uingereza kilikuwa ghali. Maboga yalikuwa tele shambani. Wakayaponda, wakakamua maji yake, wakachemsha, wakachachusha. Ipo kanuni ya pombe hiyo iliyoandikwa mwaka 1771. Hawakuweka boga kwa anasa, walikuwa wamepungukiwa.

Hapo nikaiweka kalamu chini.

Mama yangu alikuwa mpishi wa pombe ya mtama, na ada zangu za shule zilitoka katika mitungi yake. Aliloweka mtama, akauotesha chini ya magunia kwa siku kadhaa, akauanika, akausaga. Hukumu yake ilianzia kwenye kimea, si kwenye kibuyu. Alikitia mkononi akakinusa, na chenye ukungu alikimwaga mbali. Leo tunajua alikuwa na haki kuliko alivyojua mwenyewe: sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, haiondolewi na kuchemsha, wala ulimi hauitambui. Pombe ikishawekwa chachu, alisogeza sikio mtungini akasikiliza mchemko wake. Hakuonja mpaka asikie. Akionja, alionja mara moja tu, na asiporidhika hakuna mgeni aliyeiona.

Mwaka 1974 mvua zilikuwa mbaya na chakula kilikuwa haba nchini. Nilikuwa mwalimu mpya, ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, nikiwa na suruali iliyopigwa pasi na maneno mengi. Likizo ile nilikwenda nyumbani na walimu wenzangu watatu. Mama akatuletea pombe. Nilipiga funda moja nikasema kwa sauti, ili wenzangu wasikie, “Mayu, hii si pombe, huu ni uji wa maboga.”

Wakacheka. Mama naye akatabasamu, akachukua kibuyu akaingia nacho ndani. Miaka yote iliyofuata, nilipokuja na wageni, alitupa chai.

Ni dada yangu, mama wa huyu mpwa, aliyenieleza, na alinieleza baada ya mazishi ya mama. Mtama wa kimea uliobaki mwaka ule ulikuwa kidogo. Mwingine wote mama alikuwa amenitumia kwenye kituo changu cha kazi, gunia zima, asije mwanawe akafundisha na njaa. Alichobaki nacho alikichanganya na boga la kuchemsha ili wageni wangu wasikose kitu. Hakuwa na karafuu wala mdalasini wa kuifichia pombe ile; angekuwa navyo, labda nisingetambua.

Haya yote mpwa wangu alikuwa hajawahi kuyasikia. Alinyamaza kitambo, kisha akageuza ile karatasi upande usioandikwa, akaniuliza kama bado nakumbuka pombe ya bibi yake ilikuwaje.

Naikumbuka. Rangi yake ilikuwa ya udongo mwekundu, na povu lake dogo lilikawia kupotea. Ilikuwa nyepesi, tamu kidogo mwanzoni na chachu mwishoni. Na ilikuwa imechujwa vizuri sana.