Kanda Zetu Kumi na Nne

Ndugu msomaji, je, nyumbani kwako lipo sanduku ambalo hulifungui? Kwangu lilikuwapo. Lilikuwa sanduku la bati, nalo lilikaa ghalani nyuma ya magunia ya ufuta, na kila mwaka nilipohesabu magunia nilijifanya silioni.

Mimi ni karani wa parokia, mkaaji wa Mbwara, huku kwetu Rufiji. Kazi yangu ni kuandika vitabu: nani kabatizwa, nani kaoa, nani kafariki. Kwa hiyo watu hunidhani kuwa ni mtu asiyesahau. Leo nataka kukueleza jambo nililolisahau kwa makusudi, muda wa miaka kumi na miwili.

Mwezi wa Aprili mwaka 2024 mto Rufiji ulifurika vibaya. Kule Muhoro maji yaliingia majumbani, na watu wengi wakahama. Jamaa zetu wa huko walikuja kukaa kwetu, ikawa hapana budi kuwapa ghala walale. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, na hilo sanduku lako litoke nje, watoto wapate nafasi." Nikalitoa, nikalifungua juani. Mlikuwa na kanda za kaseti kumi na nne. Juu ya kila moja palibandikwa karatasi yenye majina ya nyimbo, na pembeni herufi mbili: moja ya jina langu, nyingine ya jina la rafiki yangu.

Vijana wa siku hizi huenda hawajapata kushika kaseti, basi nieleze kidogo. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliitoa mwaka 1963. Ndani yake mna utepe wa plastiki, upana wake haufiki milimita 4, umepakwa unga wa madini ya chuma, na unga huo ndio unaoshika sauti kwa nguvu ya sumaku. Utepe hupita mbele ya kichwa cha redio kwa mwendo wa sentimita 4.76 kila sekunde. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa karibu mita 90, takriban urefu wa kiwanja cha mpira, nao wote umekunjwa mkononi mwako.

Kwetu sisi watu wa vijijini kaseti ilikuwa msaada mkubwa. Bendi zetu zilirekodi nyimbo zao Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini santuri zao nyingi zilichapwa Nairobi, na mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, usifunguliwe hata 1983, kupata santuri kukawa kazi ngumu. Kaseti ikaziba pengo. Mtu mmoja akinakili, kijiji kizima kinasikia. Kweli, wanamuziki wenyewe hawakupata senti katika nakala zile za mitaani. Hilo nalo ni deni, ingawa si langu peke yangu.

Katika kanda zetu alikuwamo Salum Abdallah na Cuban Marimba yake ya Morogoro. Alikuwamo Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano. Walikuwamo NUTA Jazz, na Marijani Rajabu akiimba na Dar International. Salum alikufa mwaka 1965, Mbaraka akafa kwa ajali ya gari huko Kenya mwezi wa Januari mwaka 1979, na Marijani mwaka 1995. Sisi wawili tulizaliwa mwaka 1989. Basi tuliwapenda watu ambao hatukuwaona hata siku moja.

Nilipoziona kanda hizo nikatamani kuzisikia, lakini sikuwa na redio ya kuzichezea. Nikaenda kwa mzee mmoja jirani yetu, ambaye redio kaseti yake huitunza ndani ya kitambaa kama kitu cha mgeni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, karani. Leo umeleta barua ya nani?"

"Sikuleta barua. Nimeleta kanda, nakuomba redio yako."

Mzee hakuiwasha mara moja. Alizitazama kanda moja moja kwenye mwanga. Tatu zilikuwa zimeota ukungu mweupe juu ya utepe, akaziweka kando, akisema ukungu ule ukiingia redioni utaharibu na nzima. Kisha akachovya pamba katika spiriti, akapangusa kichwa cha redio mpaka pamba ikawa haichafuki tena. Kanda nzima nazo hakuzicheza kwanza, bali alizipeleka mbele hadi mwisho, akazirudisha nyuma, ili utepe uliogandamana kwa miaka mingi uachane polepole. Nakuandikia haya, msomaji, kwa kuwa huenda na wewe unazo, na mtu mwenye haraka hukata utepe siku ya kwanza.

Kisha zikaimba. Sauti ilikuwa imefifia kidogo, lakini nilijikuta ninaujua kila wimbo, na hata wimbo gani unafuata. Siku hizi simu hunipa wimbo mmoja kutoka huku na mwingine kutoka kule. Kanda ilikuwa na mpango wake, na ulipokwisha wimbo mmoja, katika ule ukimya mfupi, moyo ulikwisha kuushika ule unaofuata.

Ikafika zamu ya kanda yenye wimbo wa Marijani uitwao "Zuwena". Ukaenda vizuri mpaka katikati, mara sauti ikaruka. Neno moja likakatwa, lingine likaanzia mbali.

"Hapa pamekatika," akasema Mzee.

"Naam, Mzee."

"Nani aliyekata?"

"Sisi wawili."

"Wewe na nani?"

Basi ikanibidi nieleze, nami nakueleza wewe pia.

Mwaka 2007 mimi na rafiki yangu tulilima ufuta pamoja. Tulipouza, tulikwenda Ikwiriri tukanunua redio kaseti kwa shilingi 30,000, kila mtu nusu. Kanda tulizinunua moja moja baadaye. Tukapatana kwamba redio ikae wiki moja kwangu, wiki moja kwake. Yeye ni Mwislamu, mimi Mkristo. Basi mwezi wa Ramadhani ilikaa kwangu mwezi mzima, na wakati wa Kwaresima ilikaa kwake. Watu walisema redio yetu haina mfungo hata mmoja.

Siku moja tuligombana zamu ni ya nani. Mimi nilivuta kanda, naye akavuta, utepe ukatoka nje ukakatika. Tukaogopa wote wawili, ugomvi ukaisha papo hapo. Tuliunga kwa soloteipu, tukatupa kipande kilichokunjamana, kiasi cha dhiraa moja. Kwa mwendo niliokueleza, dhiraa moja ya utepe ni karibu sekunde kumi za wimbo. Tangu siku hiyo sisi tuliuimba hivyo hivyo, na kuruka kwake.

Mwaka 2010 nilikwenda chuo cha ualimu. Rafiki yangu akanipa redio niende nayo, akisema, "Wewe uko ugenini, mimi nitakuja kuisikiliza ukirudi likizo." Mwaka uliofuata wenzangu walikuwa na simu zenye kadi ya kuwekea nyimbo, na kila mtu alicheka redio ile kubwa yenye kula betri. Nikaiuza. Nikaongeza fedha kidogo, nikanunua simu. Sikumwuliza mwenzangu, wala sikumpa nusu yake. Kanda hazikupata mnunuzi, ndiyo maana zilirudi nami nyumbani.

Niliporudi aliniuliza redio iko wapi. Ningaliweza kusema kweli, akakasirika, yakaisha. Lakini nilikuwa mwanachuo, nikamjibu kwa dharau, "Bado unahangaika na makopo hayo ya kizamani?" Akanitazama, akasema maneno matatu tu: "Redio ilikuwa yetu." Mwaka 2012 alihamia Nyamisati, kwenye kazi ya uvuvi. Hatukugombana tena, wala hatukusemezana. Salamu zake nilizisikia kwa watu, na zangu sikuzituma.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo lilininyima usingizi: "Karani, katika vitabu vyako vyote hivyo, hili uliliandika wapi?"

Mwezi wa Julai, barabara ilipokauka, nilisafiri. Nilipita Nyamwage, nikavuka daraja la Mkapa, lile lililofunguliwa mwaka 2003, nikapita Kibiti, na Bungu nikashika njia ya baharini mpaka Nyamisati, mahali wanapopandia vyombo watu wa Mafia. Kapuni nilikuwa na kanda zote kumi na nne, pamoja na zile tatu zilizokufa, na shilingi 50,000. Nusu ya redio ilikuwa 15,000, lakini shilingi ya 2007 siyo shilingi ya leo, na kuchelewa nako kuna bei yake.

Nilimkuta amekaa chini ya mkungu akishona wavu. Nilipiga hodi ijapokuwa tulikuwa nje. Akainua macho, akanitambua, akarudisha macho kwenye wavu.

"Karibu," akasema.

"Nimekaribia. Ndugu yangu, nimekuja kwa habari ya redio. Niliiuza bila kukuuliza, na nilikujibu vibaya. Nimeleta haki yako, naomba unisamehe."

Alimaliza fundo alilokuwa akilifunga, akafunga na jingine. Kisha akanyosha mkono, akazipokea fedha, akazihesabu mbele yangu, akazitia mfukoni. Nakwambia kweli, msomaji, nilifurahi kwamba hakuzikataa. Kama angalizikataa, ningalirudi nyumbani na mzigo wangu.

Akaifungua kapu, akasoma karatasi moja moja. "Zuwena bado inaruka pale pale?"

"Pale pale."

Hakuwa na redio ya kaseti, wala mimi. Lakini alikuwa na simu, akautafuta wimbo ule humo, nao ukaanza. Tukawa tunaimba pamoja naye kwa sauti ya chini. Ulipofika mahali petu, sisi wote wawili tukaruka, na Marijani akaendelea peke yake na maneno mengine. Tukatazamana. Kwa karibu sekunde kumi tulisikiliza maneno ambayo tangu siku ile tulipounga utepe hakuna kati yetu aliyeyasikia, tukacheka mpaka mkewe akatoka nje kuuliza kuna nini.

Sikuambii kwamba siku ile yote yalikwisha. Miaka kumi na miwili haiungwi kwa soloteipu. Tulikula wali na samaki, tukazungumza habari za wazazi wetu, na mambo mengine tuliyaacha kwanza. Asubuhi nilipoaga, nilimwuliza tugawane kanda namna gani, saba kwa saba au vipi. Akatikisa kichwa, akalivuta kapu upande wake.

"Zamu yako ilikuwa miaka kumi na miwili," akasema. "Sasa ni yangu. Utakuja kuzifuata."

Basi, ndugu msomaji, ukifungua sanduku la zamani ukakuta nyimbo ulizozipenda, zifurahie, maana ni zako. Lakini kwanza soma vizuri ile karatasi ya juu, uone majina yaliyoandikwa ni mangapi. Mimi sasa sina hata kanda moja nyumbani, na likizo ya Desemba nina safari ya Nyamisati.