Kwa Nini Kuta za Adui Zitunzwe?

Mwaka 1942 Hitler aliamuru pwani ya magharibi ya Ulaya, kuanzia Norwe hadi mpaka wa Ufaransa na Hispania, ijengewe ngome za zege ili kuyazuia majeshi ya Washirika. Ngome hizo ziliitwa Ukuta wa Atlantiki. Nyingine zimebomolewa, nyingine zimefukiwa na mchanga, na baadhi leo ni urithi unaolindwa na sheria. Ngome ya Longues-sur-Mer, huko Normandy, ilipewa ulinzi huo mwaka 2001, na mizinga yake bado imo ndani ya zege.

Sisi mafrateri tuliposoma habari hizi tuligawanyika. Baadhi yetu walisema: hizo ni kuta za mvamizi, bahari na izile! Tena kuzitunza ni gharama. Pale Pointe du Hoc, ambapo askari wa Marekani walipanda jabali kwa kamba na ngazi tarehe 6 Juni 1944, mawimbi yanazidi kulimega jabali lenyewe.

Hoja hiyo ina uzito. Lakini tulijiuliza pia: nani alibeba mawe na kumwaga zege hilo? Wengi walikuwa watu walioshurutishwa: wafungwa wa kivita, wakimbizi wa Hispania, vijana wa Kifaransa waliochukuliwa kwa nguvu. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana wala jina lililoandikwa ukutani. Kazi ya mikono yao ndiyo iliyobaki. Tukiibomoa yote, dhuluma waliyotendewa inapoteza shahidi. Kutunza ukuta, basi, si kumheshimu aliyeuamuru. Ni kutowasahau walioujenga na waliofia mbele yake.

Swali hilo linatugusa na sisi wa Afrika Mashariki. Maelfu ya babu zetu walichukuliwa katika kikosi cha King's African Rifles, wakapigana hadi Burma. Hao hawakuacha zege. Waliacha masimulizi, na wengi wameshazikwa nayo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kumbukumbu nayo ni mali.

Wapendwa wasomaji, likizo inakaribia. Katika vigango vyetu wapo wazee waliosikia habari za vita kutoka kwa baba zao. Tukae nao, tuwasikilize, tuandike majina na mahali. Kazi hiyo haihitaji zege. Inahitaji daftari na muda, kabla ya msiba mwingine.