Sindano ya Mama na Daftari la Afisa Utamaduni

Ukiingia katika sebule nyingi za Didia utakuta makochi yamefunikwa vitambaa vyeupe vilivyotariziwa kwa mkono: maua mekundu, ndege wawili wakitazamana, pengine maneno ya kumkaribisha mgeni. Sijapata kumsikia mtu akiviita sanaa.

Katika nyaraka za halmashauri, mwanamke anayetarizi ni mjasiriamali. Afisa maendeleo ya jamii anamfahamu kupitia kikundi kinachoomba mkopo kutoka ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake. Afisa utamaduni hamfahamu. Kwake sanaa ya Usukumani ni ngoma, na akikumbuka sana, ni Bayeye, wale wacheza na nyoka waliochora kuta za ndani za nyumba zao za mikutano. Michoro hiyo tunaijua leo kwa sababu Hans Cory aliiweka katika kitabu kilichotolewa London mwaka 1953. Kuta za udongo hazidumu.

Nawapa wanafunzi wangu mfano wa Maria Prymachenko wa Ukraine. Alizaliwa kijijini Bolotnia, akafundishwa kutarizi na mama yake. Mwaka 1936 alialikwa katika karakana ya sanaa ya Kyiv. Mwaka uliofuata picha zake zilioneshwa Paris. Tazama wanyama wake wa ajabu, jinsi maua yanavyojirudia pembeni mwao: ni mkono uliozoea sindano. Kwetu, George Lilanga wa Masasi alianza na kuchonga, na katika Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, mashetani wa Kimakonde wakahamia kwenye rangi. Kinyago kilipata mlango wa kupitia. Kitambaa bado.

Naambiwa maua hayo si ya jadi, yalikuja na masista wa misheni. Huenda mengine yalikuja hivyo. Kanga nazo zilichapwa ng'ambo, na hakuna anayethubutu kumwambia bibi yake kwamba si zake.

Kesho mchoraji wa mjini atawachukua ndege wale wawili na kuwauza kwa dola. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi, lakini mwanamke wa Didia atadai nini bila kumbukumbu yoyote? Afisa utamaduni ana simu yenye kamera na ana daftari. Aandike jina la mtarizi, kijiji na mwaka, na kama kuna aliyemfundisha, aandike na jina lake. Kazi hiyo haisubiri fungu jipya la bajeti.