Nasaba ya Sileji

Mwacha asili ni mtumwa, husema mpenzi wa Kiswahili kila amsikiapo mfugaji akitaja "sileji". Kwake neno hilo ni doa, Kiingereza kilichovishwa irabu mwishoni, ilhali Kiswahili kina malisho, majani na nyasi. Hoja yake ina uzito, kwani lugha isiyolindwa hufifia. Hata hivyo, anayetaka kulihukumu neno sharti aulize kwanza nasaba yake.

Waingereza wenyewe waliliazima. Mnamo mwaka 1877, Mfaransa Auguste Goffart alichapisha kitabu kuhusu kuhifadhi mahindi mabichi yawe chakula cha mifugo. Kazi hiyo iliitwa "ensilage", yaani kutia katika "silo". Waingereza walilitwaa neno zima, na katika miaka ya 1880 wakalikata kichwa, likabaki "silage". "Silo" nalo lilitoka kwa Wahispania, waliokuwa wakiliita hivyo shimo la kuwekea nafaka. Aghalabu wanaisimu hulifuatilia hadi Kilatini "sirus" na Kigiriki "siros", lenye maana iyo hiyo; wengine hushikilia kwamba lilizaliwa Hispania kwenyewe.

Kiingereza hakikuwa fukara wa maneno ya malisho. Kilikuwa na "fodder" na "hay" tangu kale. Kiliazima kwa kuwa kitu chenyewe kilihitaji jina lake. Majani mabichi hukatwakatwa, hushindiliwa hadi hewa itoke, kisha hufunikwa. Bakteria hugeuza sukari iliyomo kuwa asidi ya laktiki, na uchachu huo huyazuia yasioze. Mfugaji anayeambiwa "malisho" tu hajui kama ayaanike au ayafukie. Naye akikosea, kiangazi kitamkuta hana cha kumpa ng'ombe.

Msanifu wa istilahi ana haki ya kutafuta neno la Kibantu, na huenda akalipata. Lakini na aanzie shambani, pale mkulima wa Kenya anapochimba handaki, akatandika karatasi ya nailoni, akashindilia mabingobingo na kunyunyizia molasi. Huko atasikia vitenzi vya Kiswahili safi vikifanya kazi: kukata, kushindilia, kufukia, kuchachusha. Neno litakalotokana na vitenzi hivyo mfugaji atalielewa. Litakaloundwa mezani na kumtaka aache analolijua, atalipuuza, na sileji itaendelea kutamalaki.