Ukiwa si Mahame

Baraka, Kivu Kusini, Kongo, Jumatatu, 3 Juni 2024

Kipindi cha Kiingereza. Kifungu kilikuwa na neno desolation, na wanafunzi, waliolelewa na Kifaransa cha shule, wakalidaka papo hapo: "Ni désolé hiyo, mwalimu!" Wamelenga. Mzizi ni mmoja, solus ya Kilatini, yaani peke yake. Desolare ni kuacha mahali bila watu. Waingereza wamebaki na ile nchi tupu na moyo mtupu. Kwetu huku désolé imeshuka cheo, ni "samahani" ya karani ambaye hajasaini karatasi yako.

Nikawapa tafsiri: "ukiwa". Msichana wa nyuma akauliza: na mahame je?

Jumatano, 5 Juni

Swali lake halijaniachia. Mkiwa ni mtu asiye na ndugu, na ukiwa ni hali hiyo, hata ukiwa katikati ya soko la Baraka. (Lugha yenyewe inapenda utani.) Wafasiri wa Biblia waliliweka neno hilo katika Mwanzo 1:2, kwa nchi ambayo bado haijamwona mtu. Lakini kwenye Mathayo 24:15, pale Biblia ya King James inapotumia desolation, wao waliandika uharibifu. Walifanya vizuri: pale kuna aliyeharibu.

Mahame yametoka katika kuhama. Hayawezi kuwapo bila mtu aliyekuwa na nyumba pale.

Jumamosi, 8 Juni

Nimepanda kwenda Fizi kwa pikipiki. Kando ya barabara, ndani ya majani marefu, miembe mikubwa imesimama kwa mstari, na nyuma yake michikichi mizee isiyopogolewa. Kijana aliyeniendesha akasema, "Hapa pori tu." Hana kosa, amezaliwa juzi. Lakini miembe haijipangi mstari.

Nchi hii imehamwa mara nyingi. Uasi wa Simba wa 1964. Kisha PRP, kundi la waasi la Laurent-Désiré Kabila, iliyoundwa 1967 na kukaa milimani miaka na miaka, raia wakibanwa kati yake na jeshi la Rais Mobutu. Vita vya 1996. Mauaji ya kijijini Makobola, mwisho wa Desemba 1998 na mwanzo wa Januari 1999. Watu walivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, Tanzania, wakaishi katika kambi za Nyarugusu na Lugufu, wakazaa huko. Oktoba 2005 UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikaanza kuwarudisha kwa meli mpaka Baraka. Wengi walikuta mtu mwingine analima chini ya michikichi ya baba yao.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya ibada nimekaa na mama mmoja jirani, aliyerudi kutoka Lugufu. Shamba lake alilipataje? "Mwalimu, karatasi sikuwa nayo. Niliwaonyesha wazee kaburi la nyanya, nikawaambia kila mchikichi ulipandwa na nani. Wakaulizana, wakakubali."

Wengine hawakubahatika, na ubaya huo una asili ya zamani. Tarehe 1 Julai 1885 serikali ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji aliyeitawala Kongo, ilitangaza kwamba ardhi isiyo na watu ni mali ya dola. Shamba lililopumzishwa, msitu wa kuwinda, kijiji kilichohamia bonde la pili, vyote vikahesabiwa kuwa vitupu. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ikaifanya ardhi yote ya nchi kuwa ya dola, na kwa ardhi za kimila kifungu cha 389 kikaahidi amri ya Rais. Mpaka mwaka huu wa 2024 amri hiyo haijatolewa. Ndiyo maana nashika tofauti ya yule msichana kwa mikono miwili: anayeyaita mahame ukiwa ameshawafuta wenyewe, hata kama hana nia mbaya.

Kesho nitamjibu hivyo. Na wazee wanaogawa mashamba katika sekta za Mutambala na Ngandja, nawaomba: kabla ya kumkatia mtu pori lenye miembe, ulizeni kwanza nani aliipanda.