Mkanda na Neno "Mzima"

Gari dogo likigongana na lori katika barabara ya Kilwa upande wa Temeke, au katika ile ya Bagamoyo upande wa Kinondoni, watu hukimbilia mlango na swali moja: "Mzima?" Dereva aliyefunga mkanda hujipapasa kichwa na mikono, haoni damu, naye hujibu kwamba ni mzima. Katika Kiswahili mzima ni aliye hai. Tena ni asiye mgonjwa. Tena ni asiyepungukiwa na kiungo. Maana hizi tatu hukaa nyumba moja, na baada ya ajali ile ya kwanza husimama shahidi kwa niaba ya zote.

Aghalabu ushahidi huo ni wa kweli. Mkanda aliobuni Mswidi Nils Bohlin mwaka 1959, ushikao bega na nyonga pamoja, umeokoa watu wengi mno, wala hapana mwenye akili awezaye kushauri uachwe. Lakini umekusudiwa kushika mifupa ya nyonga. Ukipanda juu ya tumbo, kwa kulegea au kwa abiria kujilaza kitini, huyabana matumbo kati yake na uti wa mgongo. Utumbo huweza kupasuka papo hapo. Au, na hili lina hila zaidi, utando unaoupelekea damu huchanika, na kipande kilichokosa damu hufa polepole kikatoboka baada ya saa nyingi, pengine siku kadhaa. Mwaka 1962 wachunguzi wawili wa Marekani, Garrett na Braunstein, waliyakusanya majeraha haya chini ya jina la mkanda wenyewe.

Basi mtu asiye na jeraha la kuonyesha haombi fomu ya PF3 polisi. Huenda kwake Mbagala, akapokea pole za majirani. Maumivu ya usiku huitwa uchovu, yakanyweshwa vidonge. Hufuata kutapika, homa, na tumbo gumu kama ubao; na akiulizwa, husimulia alichokula, si ajali ya juzi.

Alama ya mkanda tumboni ndiyo onyo kuu, ingawa juu ya ngozi nyeusi haionekani upesi. Picha ya kwanza, hata ya mashine ya CT, huweza kutoonyesha tundu. Kwa hiyo daktari mwenye hadhari humlaza mwenye alama hiyo, akamminya tumbo tena na tena kila baada ya saa chache, ikiwa mgonjwa amekubali kulala.